Mashine Iliyo Karibu: Kutoka Makerere Hadi Chumba Kimoja cha Kyebando

Utangulizi

Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini Uganda kwa amri ya serikali. Mitandao ya kijamii ilikuwa imefungwa tangu siku iliyotangulia. Katika nyumba za kupanga tulimokuwa tukiishi Kyebando, kaskazini mwa Kampala, watu walitoka uani wakazima simu na kuziwasha tena, wakidhani ni bando lililoisha. Mvulana wa jirani, mtahiniwa wa darasa la saba, alikuja mlangoni kwangu akiwa na simu ya mama yake. Alikuwa akisoma makala kuhusu mzunguko wa maji, na ukurasa ulifunguka kama kawaida. Aliniuliza kwa Kiganda, "Kaka, mbona wako haujazimwa?"

Nilimjibu haraka kwamba mtandao wangu hautoki nje ya ua. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumtosha, wala halikunitosha mimi. Insha hii ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi. Hoja yangu ni kwamba historia ya intaneti nchini Uganda inaeleweka zaidi tukiuliza swali lilelile katika kila kipindi: mashine inayotunza habari tunazozihitaji iko umbali gani nasi, na nani anashika njia iliyo katikati? Nitaonyesha kwamba seva niliyoiunda chumbani ilitumia mbinu ya zamani kabisa katika historia hiyo, na kwamba mbinu hiyo ilirudi kwa sababu zilezile zilizoileta mara ya kwanza, yaani bei, umeme na umbali. Mwishoni nitaeleza pia ni wapi hoja hii ilinishinda.

Kwa wasomaji wasioshughulika na kompyuta, seva si mashine ya ajabu. Ni kompyuta yoyote inayokaa imewashwa ikisubiri kuombwa kitu na kompyuta au simu nyingine, kisha ikakitoa.

Barua za usiku

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uganda haikuwa na intaneti kama tuijuavyo leo, lakini barua pepe zilikuwapo. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha FidoNet, kilichoendeshwa na Charles Musisi. FidoNet ilianzishwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984, na utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kompyuta hazikuunganishwa muda wote. Mtu aliandika barua mchana na kompyuta ikaihifadhi. Ulipofika wakati uliopangwa, mara nyingi usiku ambapo laini ni tulivu na gharama ni ndogo, modemu ya kituo kimoja ilipiga simu kwa kituo kingine, zikakabidhiana mafurushi ya barua, kisha simu ikakatwa. Barua za Afrika Mashariki zilizokwenda ng'ambo zilipitia vituo kama GreenNet cha London, na kutoka hapo zikaingia katika intaneti yenyewe.

Karibu zaidi na kwetu, katika chuo cha udaktari cha Makerere kilichopo Mulago, kulikuwa na HealthNet, mtandao wa madaktari ulioendeshwa na shirika la SatelLife la Marekani. Mtandao huo ulitumia satelaiti ndogo zilizozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 800 hivi. Satelaiti ya aina hiyo haikai juu ya mji mmoja. Hupita mara chache kwa siku, na kila ikipita huonekana kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo kituo cha chini kilirusha barua zake na kupokea zilizoletwa, kisha satelaiti ikaendelea na safari. Kutoka Kyebando hadi Mulago ni mwendo wa miguu, kwa hiyo mbinu hii si ngeni kwa mtaa wangu.

Mifumo hii miwili iliongozwa na kanuni moja: hifadhi kwanza, tuma baadaye. Vitabu vingi huitaja kama hatua ya utotoni iliyopitwa na wakati. Mimi naiona kama jibu la busara kwa hali iliyokuwapo. Simu ya kimataifa ililipiwa kwa dakika, umeme haukuaminika, na laini zilikuwa na kelele. Mwenye mashine iliyohifadhi barua zake karibu hakupoteza kazi kila laini ilipokatika.

Kwenda kwa jirani kupitia angani

Mwaka 1995 herufi .ug zilikabidhiwa rasmi kuwa jina la Uganda katika intaneti, na katika miaka iliyofuata kampuni za kibiashara zilianza kuuza huduma Kampala. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1997 ilianzisha Tume ya Mawasiliano, na ushindani ukafunguka. Hata hivyo umbali haukupungua. Kila kampuni ilikuwa na dishi lake la satelaiti lililoiunganisha na Ulaya au Marekani. Mteja wa kampuni moja alipomwandikia mteja wa kampuni nyingine katika mtaa uleule, barua ilipanda kilomita 36,000 hadi kwenye satelaiti, ikashuka bara jingine, ikabadilishana njia huko, kisha ikapanda na kushuka tena hadi Kampala. Watu wawili wangeweza kuonana kwa macho, lakini barua yao ililipiwa nauli ya kwenda ng'ambo na kurudi, kwa fedha za kigeni.

Dawa yake ilikuwa kituo cha kubadilishana trafiki, yaani chumba ambamo kampuni zote huleta kebo zao kwenye swichi moja ili trafiki ya ndani ibaki ndani. Chumba hicho hakihitaji mitambo mikubwa. Kinachohitajika ni washindani kukubali kukaa meza moja. Nchini Kenya kituo cha KIXP kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000. Telkom Kenya ililalamika kwamba kinaingilia haki yake ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, na kikafungwa baada ya muda mfupi. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kampala nayo ilipata chake, UIXP, katika miaka hiyo ya mwanzo ya 2000, kikawekwa katika jengo la Communications House kwenye barabara ya Colville.

Kisa cha Nairobi kinaonyesha kwamba umbali kati ya mtu na habari zake hauamuliwi na ardhi peke yake. Njia ndefu ina mwenyewe anayelipwa kila inapotumika, na mara nyingi mwenyewe hana haraka ya kuifupisha.

Mwaka 2009 kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Uganda haina pwani, kwa hiyo hunywa maji hayo kupitia Kenya, kwa nyaya za nchi kavu. Bei zilishuka, kasi ikapanda, na baadaye kampuni kubwa za nje zikaweka Kampala seva zinazotunza nakala za video na kurasa zinazotazamwa sana. Mtu wa Kyebando anapotazama video inayopendwa, huenda hajui kwamba imetoka kilomita chache tu kutoka kwake.

Jambo jingine lilitokea kaskazini. Mwaka 2007, katika kambi za wakimbizi wa ndani karibu na Gulu, mradi wa BOSCO ulioanzishwa chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu uliweka kompyuta zinazotumia umeme kidogo wa sola, zikaunganishwa kwa redio za masafa marefu. Watu wa kambi moja waliweza kuwasiliana na wa kambi nyingine ndani ya mtandao wao wenyewe. Nautaja kwa sababu waanzilishi hawakusubiri nguzo za umeme wala nyaya za Kampala. Walianza na mtandao wa karibu, na dunia ya nje ikafuata.

Mashine ya Kyebando

Nchini Uganda watu wengi huingia mtandaoni kwa simu na bando. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 hadi katikati ya mwaka 2021 mtumiaji wa mitandao ya kijamii alilipa pia kodi ya shilingi 200 kwa siku, ambayo kwa mwaka mzima ni shilingi 73,000. Ilipofutwa, bando lenyewe likawekewa kodi ya asilimia 12.

Katika hali hiyo shule zote zilifungwa Machi 2020. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, lakini shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Jirani yetu, ambaye sote tunamwita Nnalongo kwa kuwa ni mama wa mapacha, alikuwa na watahiniwa wawili wa darasa la saba na simu moja. Masomo yaliyotumwa kwa simu yalimaliza bando kabla ya wiki kwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa mtahiniwa wa kidato cha sita.

Septemba 2020 nilinunua laptop iliyovunjika kioo kwa fundi mmoja wa Kalerwe kwa shilingi 150,000. Alikuwa ameiweka akingoja mtu wa kununua vipuri. Niliiunganisha na televisheni yetu, nikaweka mfumo wa Debian, kisha nikaondoa televisheni na kuiacha laptop juu ya kabati ikiwa na ruta ndogo ya mkono wa pili. Ndani yake niliweka Kiwix, programu inayofungua Wikipedia nzima bila intaneti. Faili la Kiingereza lenye picha lilizidi gigabaiti 80. Kulipakua kwa bando kungenigharimu zaidi ya bei ya laptop yenyewe. Mjomba wangu aliomba ruhusa kwa mkubwa wake wa kazi, akaliacha lijipakue ofisini kwa usiku kadhaa, kisha akaniletea diski kwa boda boda. Hivyo mtandao wangu ulianza kama FidoNet: kazi nzito ilifanywa usiku mahali penye bei nafuu, na furushi likaletwa asubuhi.

Kwa nini laptop, na si kompyuta kubwa? Jibu ni mita ya Yaka. Laptop ile ilitumia wati 20 hivi. Ikiwashwa usiku na mchana kwa mwezi hutumia yuniti 14 na kidogo, na kwa bei ya takriban shilingi 750 kwa yuniti hiyo ni karibu shilingi 10,800. Kompyuta ya ofisini ya wati 50 ingedai karibu 27,000. Zaidi ya hayo laptop ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika haizimiki papo hapo.

Tulipiga picha mitihani ya zamani ya PLE ukurasa kwa ukurasa, tukaiweka humo. Nilichora anwani ya seva kwa chaki kwenye ukuta wa uani. Watoto walikaa kwenye ngazi, mahali mawimbi yalipofika vizuri. Hadi Desemba nilihesabu simu kumi na moja zilizozoea kuunganishwa, nyingine za watu nisiowajua wa upande wa pili wa ukuta.

Kisha ikaja wiki ya uchaguzi. Intaneti ilirudi tarehe 18 Januari. Kwa siku hizo tano UIXP haikuweza kutusaidia, kwa sababu kituo cha kubadilishana huunganisha kampuni na kampuni, na kampuni zenyewe ndizo zilizoamriwa kukata wateja. Katika ua wetu hakukuwa na kampuni katikati. Kati ya simu ya mtoto na mashine yangu kulikuwa na mita ishirini za hewa. Sidai kwamba tulishinda chochote. Hatukuweza kujua ndugu walioko mbali wako salama, wala kupokea fedha zilizotumwa kwa njia ya mtandao. Lakini mapacha waliendelea kusoma, na mwisho wa Machi walifanya mtihani wao.

Pale hoja iliponishinda

Ningeishia hapo, insha ingekuwa ya kujisifu. Mwaka uliofuata Nnalongo aliniomba nimtunzie picha za marehemu mama yake, kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Nilizihamishia kwenye seva, naye akazifuta kwenye simu. Nilijivunia kuaminiwa hivyo. Sikuangalia betri. Laptop ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka chini ya paa la bati, ikichajiwa bila kupumzika, na betri yake haikuweza tena kushika hata dakika moja. Usiku mmoja umeme ukakatika wakati diski inaandika. Asubuhi diski ilitoa mlio wa kugonga, na haikusomeka tena.

Wikipedia tuliipata tena kwa mjomba. Mitihani tuliipiga picha upya. Picha za marehemu hazikuwa na mahali pengine nilipopajua. Nilikaa siku mbili kabla ya kumwambia. Nnalongo hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniambia kwamba ni moja." Alimaanisha nakala. Alidhani kwamba kitu kikiwa kwenye kompyuta basi kipo kwenye kompyuta zote, kama vile picha za WhatsApp zinavyobaki kwa kila aliyetumiwa. Na kweli, ni WhatsApp iliyomwokoa kwa kiasi. Dada yake aliyeko Mukono alikuwa ametumiwa picha tisa miaka ya nyuma. Zilizobaki hazikupatikana.

Hapa ndipo nilipotambua kasoro katika swali langu la kwanza. Kuuliza mashine iko umbali gani hakutoshi. Lazima tuulize pia nakala ziko ngapi, na ni nani anayewajibika moja ikifa. Kampuni ya mbali inaweza kukukata au kukutoza, lakini kwa kawaida hutunza nakala kadhaa katika majengo tofauti. Mimi nilikuwa karibu, sikutoza, na nilikuwa na diski moja.

Matengenezo ya mwaka 2022 yalitokana na usiku ule. Nilinunua kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na diski mbili za terabaiti moja zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Niliongeza betri ya volti 12 na paneli ya sola, ambayo pia ilipunguza deni la Yaka. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba tulitoboa kuta tatu, tukapitisha kebo hadi kwenye swichi ya matundu manane, kwa sababu mawimbi ya ruta yalikuwa dhaifu vyumba vya nyuma. Mafundi wa kompyuta wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Nakala yangu ya nje hupelekwa kwa mjomba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, katika diski iliyofungwa kwenye kitambaa.

Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni niliongeza Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Faili lake ni dogo mara nyingi kuliko la Kiingereza, na la Kiganda ni dogo zaidi. Ukaribu wa mashine haujazi pengo hilo. Seva hutoa kile tu ambacho watu wamekwisha kukiandika.

Mlango usiobishika

Kuna jambo moja ambalo matengenezo hayajaweza kulirekebisha. Nikiwa Makerere siwezi kuifikia seva yangu moja kwa moja, ingawa ni kilomita chache kutoka Kyebando. Sababu yake ni ya kihistoria. Anwani za zamani za intaneti, za mfumo wa IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mafungu ya mwisho yaligawiwa kwa kanda mbalimbali Februari 2011. AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, lilianza kazi rasmi mwaka 2005, wakati nchi zilizotangulia zilikuwa zimekwisha kuchukua sehemu kubwa. Kampuni za simu sasa huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Sisi tunaweza kutoka kwenda kubisha kwa wengine, lakini hakuna anayeweza kuja kutubishia, kwa kuwa nyumba yetu haina namba.

Njia ninayotumia ni kukodi kipande cha seva huko Ujerumani, ambacho mashine yangu hukipigia kwanza kwa njia ya WireGuard. Ninapofungua faili langu nikiwa maktaba, ombi hutoka Makerere, hushuka hadi baharini, hufika Ulaya, kisha hurudi Kyebando. Nilipoichora safari hiyo kwenye karatasi niliona kuwa ni ileile ya barua ya miaka ya 1990, ya jirani kwa jirani kupitia ng'ambo. Kasi imebadilika sana, na satelaiti imeondoka. Umbo la njia halijabadilika.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba intaneti ya Uganda haikusonga mbele kwa mstari mmoja kutoka mbinu duni kwenda mbinu bora. Hifadhi-kwanza-tuma-baadaye iliondoka pale bei iliposhuka, ikarudi pale shule zilipofungwa na bando likawa ghali kwa familia yenye simu moja. Vituo vya kubadilishana vilifupisha njia kati ya kampuni, lakini si kati ya mtu na kampuni yake. Uhaba wa anwani uliirefusha tena kwa mlango wa nyuma.

Mapacha wa Nnalongo sasa wako sekondari. Aliyeniuliza swali lile ndiye anayenisaidia kubadilisha diski, na ameniomba nimwonyeshe namna ya kuunda ya kwake. Nimemwambia aanze na vitu viwili: mita ya Yaka, ajue atalipa kiasi gani, na daftari, aandike kila kitu alichopewa kutunza, ni cha nani, na nakala yake ya pili iko wapi. Katika daftari langu, ukurasa wa kwanza, nimeandika picha tisa za Mukono na mahali pa tatu zilipo. Chini yake nimeacha mistari mitupu kwa zile ambazo hazikurudi.